Laptopu au Kompyuta ya Mezani? Piga Hesabu Kabla Bumu Halijaisha

Bumu likiingia, mambo mawili hutokea hapa chuoni. Foleni ya chipsi kuku inarefuka, halafu mwaka wa kwanza wanaanza kuulizana: "Ninunue laptopu au ya mezani?" Majibu huwa ya haraka. Mmoja anasema laptopu, maana ndiyo kila mtu anatembea nayo. Mwingine anasema ya mezani, maana kwa hela hiyo hiyo unapata mashine yenye nguvu zaidi. Wote wawili wana ukweli wao, na wote wawili wanaweza kukuingiza hasara.

Hasara yenyewe naijua. Mwishoni mwa 2023, tulipoingia mwaka wa kwanza, mimi na mwenzangu wa chumba tulinunua kompyuta za mtumba ndani ya wiki moja. Mimi nilichukua laptopu. Muuzaji aliniambia ni "Core i7", nikaona nimepata bahati ya mtende. Mwenzangu alichukua ya mezani ya Core i5 kwa hela pungufu kidogo, tukamcheka. Kumbe yake ilikuwa na kasi kuliko yangu, na mpaka leo inawaka. Yangu ilikata bawaba ya skrini mwaka wa pili, waya wa ndani ukakatika, na fundi akanitajia bei iliyokaribia nusu ya niliyonunulia.

Ukiishia hapo utasema mwenzangu alishinda. Subiri. Mgawo wa umeme wa kipindi kile mnaukumbuka. Aliwahi kupoteza kurasa sita za asaimenti kwa sekunde moja. Chuo kikifungwa, mimi nilitia laptopu begini nikapanda basi. Yeye alihangaika na monita mikononi akitafuta mtu wa kumhifadhia, kwa sababu hosteli inatakiwa iachwe tupu. Na tulipokwenda TP, kompyuta yake ilibaki mjini, yeye akawa anaandika azimio la kazi na maandalio ya somo kwa mkono, usiku, baada ya vipindi.

Tulikuwa tumeuliza swali moja, "ipi bora?" Swali hilo halina jibu. Maswali yanayojibika ni matatu: kazi yako utaifanyia wapi, umeme utakuwaje hapo, na siku mashine ikiharibika utafanya nini. Tuyachukue moja moja.

Utahama mara ngapi?

Chukua karatasi uandike sehemu zote utakazolala ndani ya miaka mitatu au minne. Hosteli mwaka wa kwanza, pengine geto mwaka wa pili, nyumbani likizo, TP mkoani, halafu kukusanya data za utafiti mwaka wa mwisho. Sisi wa ualimu tunahama sana. Wenzetu wa fani nyingine nao wana mafunzo kwa vitendo yao.

Kama orodha yako ina sehemu nne au tano, kompyuta ya mezani itakusumbua. Siyo uzito tu. Kila safari ni monita ya kufungia nguo ili isipasuke, kasha, waya, kibodi, na konda wa daladala anayekutazama kwa jicho baya. Hosteli nyingi nazo chumba kimoja wanalala wengi na meza ni moja. Ukishaweka monita hapo umewanyang'anya wenzako meza, na urafiki utapimwa.

Lakini kama unakaa kwenu na chuo unakuja kwa daladala, au una geto ambalo utakaa humo mpaka uhitimu, hoja ya kuhama inapungua sana. Hapo ya mezani inaanza kuwa na maana.

Umeme: nani analipa, na ukikatika je?

Hosteli umeme umo kwenye kodi, hivyo wengi hatuufikirii. Geto ndiyo mahali ugomvi unaanzia, maana LUKU ni ya kuchangia.

Hesabu yake ni rahisi. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Chukulia kompyuta ya mezani ya ofisini pamoja na monita inakula wati 100, na laptopu inakula wati 30. Ukitumia saa 6 kwa siku, ya mezani inakula yuniti 0.6 na laptopu yuniti 0.18. Kwa siku 30, ya mezani ni yuniti 18, laptopu ni yuniti 5.4. Kwenye mita ya kawaida, shilingi 1,000 inatoa kama yuniti 2.8. Kwa hiyo ya mezani itakula kama shilingi 6,400 kwa mwezi, na laptopu kama 1,900. Tofauti ni shilingi 4,500. Kwa semista ya miezi minne ni 18,000. Kama mita yenu ni ya wale wa matumizi madogo, gharama inashuka sana, ila geto lenye vyumba vingi mara nyingi halimo kwenye kundi hilo.

Elfu kumi na nane siyo hela ya kukufanya uache kununua mashine. Lakini iweke kwenye hesabu, na waambie wenzako wa geto mapema. Mtu akigundua mwenyewe kwamba LUKU inaisha haraka tangu monita yako iingie, ataanza kuhesabu na saa unazowasha feni.

Umeme kukatika ndilo jambo zito zaidi. Laptopu yenye betri nzima haijali, inaendelea. Ya mezani inazima palepale, na kile ambacho hujahifadhi kimekwenda. Zaidi ya hapo, umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza kifaa cha ndani kinachopokea umeme. Dawa yake ni UPS, lile boksi lenye betri ndani. UPS ndogo haikupi saa nzima ya kufanya kazi. Inakupa dakika chache za kuhifadhi faili na kuzima kwa utaratibu, na hizo zinatosha. Kwa hiyo ukinunua ya mezani bila UPS, ujue manunuzi yako hayajakamilika.

Kwa upande wa pili, laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa ni kompyuta ya mezani yenye skrini ndogo. Yangu ilikuwa inadumu dakika 40. Kule TP, shule niliyopangiwa umeme ulikuwa unakatika mchana, na mimi mwenye laptopu nikawa naandika kwa mkono sawasawa na mwenzangu wa ya mezani.

Siku ikiharibika

Hapa ya mezani inashinda bila ubishi. Ndani ya lile kasha kila kitu kimekaa peke yake. Kibodi ikifa, unanunua kibodi. Monita ikifa, unaazima ya mtu huku ukijipanga. Cha umeme kikiungua, fundi anafungua skrubu chache anaweka kingine. Mwenzangu alibadilisha hicho kifaa mwaka jana, na siku hiyo hiyo usiku alikuwa anachapa kazi.

Laptopu vitu vimebanana. Kikombe kimoja cha chai kwenye kibodi kinaweza kushuka mpaka kwenye bodi kuu. Bawaba ikikatika inaweza kuondoka na waya wa skrini. Tena laptopu inaibika kwa urahisi, inaanguka, inakaliwa kitandani, inapikwa na joto ukiiweka juu ya godoro.

Hata hivyo laptopu hazifanani. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, kwa kawaida ni imara kuliko zile nyepesi za kuvutia macho, na vipuri vyake vinapatikana kwa sababu zimeingia nyingi. Hata ndani ya jina moja kuna tofauti. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za kuweka RAM, na betri yake ya nyuma unaichomoa kwa mkono. ThinkPad X1 Carbon ni nyembamba na nzuri kweli, ila RAM yake imechomelewa kwenye bodi: ukinunua ya 8GB, utakufa nayo ya 8GB. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye simu jina kamili la mashine uone kama RAM inaongezeka.

Bei ya CPU siyo bei ya kompyuta

Hapa ndipo wengi hudanganyika, na wala muuzaji hajadanganya. Anakutajia bei ya lile kasha, ambalo mtaani tunaliita CPU. Unalinganisha bei hiyo na ya laptopu, unaona umepata mteremko. Andika orodha nzima kwanza: kasha, monita, kibodi, mausi, waya za umeme, waya wa monita, na UPS.

Halafu kuna vitu viwili vinavyosahaulika. Cha kwanza ni Wi-Fi. Kompyuta nyingi za mezani zilizotoka ofisini hazina Wi-Fi ndani, kwa sababu kule zilichomekwa waya wa mtandao. Utahitaji kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, la sivyo utaunganisha simu kwa waya na kutumia bando lake. Cha pili ni tundu la monita. Kasha linaweza kuwa na DisplayPort, monita yako ya zamani ina VGA, na hapo unanunua kiunganishi. Ukitaka kuhudhuria kipindi cha mtandaoni ongeza kamera na maiki. Laptopu inakuja na vyote hivyo.

Jumlisha mpaka mwisho ndipo ulinganishe. Mara nyingi ya mezani bado itakupa nguvu zaidi kwa hela ile ile, ila tofauti haitakuwa kubwa kama ulivyodhani.

Usinunue jina

"Hii Core i7, mdogo wangu, hutaijutia." Nilijuta. Neno i3, i5 au i7 peke yake halitoshi. Tazama namba inayofuata, maana ndiyo inayokuambia kizazi. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni cha 8. i5-1135G7 ni cha 11. Ile yangu ilikuwa i7-4600U, yaani kizazi cha 4, na ndani ina kori mbili tu. Kori ni kama wapishi jikoni: wakiwa wawili na oda ni kumi, mteja atasubiri. i5-8250U, ambayo kwa jina ni "ndogo" kuliko i7, ina kori nne.

Na jina lile lile halifanani kati ya laptopu na mezani. i5-6500 ya mezani ina kori nne, wakati i5-6300U ya laptopu, ya kizazi kile kile, ina mbili. i5-8500 ya mezani ina sita, i5-8250U ya laptopu ina nne. Herufi U mwishoni maana yake prosesa imetengenezwa itumie umeme kidogo ili betri idumu. Ndiyo maana mwenzangu, kwa hela pungufu, alinipita.

Kizazi kina umuhimu wa pili siku hizi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: inataka TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha yao rasmi kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Mashine za chini ya hapo ndizo ofisi za nje zinazitupa kwa wingi, na ndizo zinazoletwa kwetu kwa bei ya kutia tamaa. Kuna mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie hata humo. Inaweza kuwaka, ila Microsoft hawaahidi kwamba itaendelea kupata masasisho ya usalama. Kama hela yako inaishia kwenye mashine ya kizazi cha 6 au 7, usikate tamaa. Unaweza kuweka Linux Mint au Ubuntu bure na kuandikia kwa LibreOffice. Ila uliza kwanza kama programu unazolazimika kutumia kwenye kozi yako zinakubali humo.

Kwa kazi za kawaida za chuo, yaani kuandika, kusoma PDF, prizentesheni na kufungua kurasa nyingi za intaneti, lenga vitu vitatu: kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya 8GB, na SSD badala ya hadidiski ya kuzunguka. Ukilazimika kukata kimoja, usikate SSD. Mashine ya zamani ikiwekewa SSD utadhani umeibadilisha. Hata 256GB inatosha kama filamu utaziweka kwingine.

Dakika ishirini za kukagua

Usinunue jioni wakati duka linafungwa, na usiende peke yako. Ukifika, fanya haya bila haraka.

Washa mwenyewe kutoka kwenye kuzimwa kabisa, uhesabu inachukua muda gani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance: hapo utaona jina kamili la prosesa, RAM, na kama diski ni SSD. Usiamini stika, stika inabandikwa.

Fungua ukurasa mtupu wa Word ubonyeze kila kitufe, moja baada ya kingine. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Unganisha Wi-Fi ya simu yako. Weka skrini nyeupe tupu utafute madoa na mistari. Fungua na kufunga skrini ya laptopu mara kadhaa usikilize bawaba. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS: ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache.

Kwa laptopu kuna kipimo cha betri ambacho wengi hawakijui. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuandikia ripoti kwenye faili na kukuonyesha ilipo. Ifungue, tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wa sasa. Kama wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 20,000, betri imebaki na asilimia 40. Hapo ama upunguziwe bei ya betri nyingine, ama utafute mashine nyingine. Sekunde thelathini hizo zingeniokoa mimi.

Mwisho, omba risiti yenye namba ya mashine na siku za kuirudisha, iandikwe. Maneno ya "niamini tu" hayarudishi hela.

Basi ununue nini?

Kama unaishi hosteli, unakwenda TP, na utakuwa na kompyuta moja tu, nunua laptopu ya ofisi ya mtumba, ya kizazi cha 8 kuendelea, yenye betri uliyoipima. Usikimbilie mpya ya bei sawa. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zina prosesa dhaifu na RAM isiyoongezeka.

Kama una makazi ya kudumu, na kazi yako ni nzito, mfano kuhariri video au michoro ya majengo, au unataka kujiajiri kwa kuchapa na kuprinti kazi za watu, nunua ya mezani na UPS yake. Fanya hivyo ukijua kwamba ukisafiri utabaki na simu.

Katikati yao kuna kundi ambalo wengi hawalijui: yale makasha madogo kama kitabu kinene, mfano ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro au EliteDesk Mini. Yanatumia chaja ya nje kama ya laptopu, umeme kidogo, na likizo unatia kasha begini unaacha monita. Nyumbani ukiwa na televisheni yenye HDMI, unaweza kuichomeka huko kwa waya unaofaa. Kwa watu wawili wa geto wanaochangia, hii ni njia nzuri, ila kubalianeni mapema nani anatumia saa ngapi wiki ya mitihani.

Na kama hela haitoshi kwa chochote cha maana, subiri. Mwaka wa kwanza unaweza kuvukwa kwa kompyuta za maktaba, simu na flashi. Kusubiri bumu la pili kunauma kidogo. Kununua takataka kwa bumu la kwanza kunauma miaka mitatu.

Vyovyote utakavyochagua, kazi zako ziwe na nakala sehemu mbili, moja kwenye Google Drive. Mwenzangu zile kurasa sita aliziandika upya usiku kucha, mimi nikimshikia tochi ya simu. Siku hizi tunatumia vitu kwa pamoja: mimi naandikia utafiti wangu kwenye ya mezani yake, yeye anaazima laptopu yangu, iliyofungwa bawaba kwa waya, akienda shuleni kukusanya data. Tumeelewana. Lakini kama tungepiga hesabu hii kabla ya kwenda dukani, kila mmoja angekuwa na kompyuta inayomfaa.